Joto ni la chombo, uzito ni wa kreti

Umekalia kreti ya soda mara ngapi? Kwa kinyozi, kwa besi, kwa matanga, nje ya duka ukingoja maji ya mfereji yarudi. Sisi wa Eastlands, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, tumeikalia hata kabla hatujajua kusoma. Lakini ni wangapi wamewahi kuigeuza wakaiangalia vizuri?

Igeuze siku moja, ucheki. Kuta zake ndizo zinabeba uzito. Zile chupa 24 zilizo ndani hazibebi chochote, zimekaa tu kwenye vyumba vyao. Kitako chake kimetengenezwa kiingie kwenye mdomo wa kreti ya chini, na ndiyo maana rundo refu haliteleze lori likikata kona. Kuna nafasi ya kushikia. Sakafu yake iko wazi, kwa hivyo maji na vumbi hupita. Na vipimo vyake havibadiliki kila mwezi, kwa hivyo ya jana inakalia ya leo bila maneno.

Sasa linganisha na vile uji, chai na supu husafiri mtaani. Bado ni giza, mtu amepika tangu saa tisa usiku. Anamimina uji unaotokota ndani ya mtungi wa lita 20 uliozaliwa kubeba mafuta ya kupikia yaliyopoa. Anauvika gunia ili usipoe. Anaupandisha kwenye mkokoteni, anaweka mwingine juu yake, anafunga na mpira wa tyubu, na safari ya kwenda Gikomba au steji ya Donholm inaanza. Kila shimo la barabara ni mtihani. Mtungi wa chini ukilegea au kifuniko kikichomoka, hasara haiishii kwa uji. Kuna mtu anasukuma mbele, kuna mwingine nyuma, na kuna mtoto anayepita akienda shule.

Msimamo wetu ni huu: Eastlands haijakosa wapishi, na haijakosa mafundi. Tumekosa chombo ambacho mtu alikaa chini akakifikiria kwa ajili ya vitu vya moto. Na njia rahisi ya kukipata si kusubiri kiwanda kituletee chupa ya miujiza. Ni kugawa kazi mbili ambazo tumeziunganisha kimakosa. Kubeba joto ni kazi ya chombo. Kubeba uzito ni kazi ya kreti. Ukimpa mmoja kazi zote mbili, atakuangusha.

Wawili wanaojaza moto

Kwanza tuelewane, kwa sababu mtaani kuna watu wawili wanaojaza vitu vikiwa moto, na mahitaji yao yanapingana.

Wa kwanza ni wa uji, chai na supu. Huyu anataka joto libaki. Mteja wa saa mbili asubuhi apate kikombe kinachotoa moshi kama wa saa kumi na mbili.

Wa pili ni yule anayetengeneza juisi ya pasheni, ukwaju, sosi ya pilipili au jemu, na anataka bidhaa yake ikae kwenye rafu wiki kadhaa bila friji. Huyu hajazi moto kwa sababu mteja anataka moto. Anajaza moto ili joto liue vijidudu vilivyo ndani ya chupa na kwenye kifuniko. Viwandani, juisi hupashwa mpaka nyuzi kati ya 85 na 95 hivi, hujazwa ikiwa hivyo hivyo, chupa hufungwa papo hapo, hugeuzwa au kulazwa kwa dakika chache ili joto liguse shingo na kifuniko, kisha hupozwa haraka. Ikikaa moto muda mrefu inaendelea kupikika, rangi inageuka na ladha inapotea.

Hapo kuna jambo la Nairobi ambalo mapishi ya mtandaoni hayakuambii. Jiji letu liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Maji hapa huchemka kwa karibu nyuzi 95, si 100. Kwa hivyo ukisema "nimechemsha", bado hujasema kitu. Juisi ikitoka jikoni na kupitia faneli kuingia kwenye chupa baridi, inapoteza nyuzi kadhaa njiani. Kipimajoto si cha maabara peke yake, ni kifaa cha jikoni kama mwiko.

Na hapa tafadhali usijidanganye. Kujaza moto ili kitu kikae kwenye rafu ni kwa vitu vyenye asidi: pasheni, ukwaju, ndimu, nanasi. Chai ya maziwa, uji wa kawaida na supu havina asidi ya kutosha. Kuna bakteria ambao huacha mbegu zinazostahimili kuchemshwa, na mbegu hizo huamka ndani ya chombo kilichofungwa bila hewa na kutoa sumu inayoweza kuua. Hutaiona, na mara nyingi hutainusa. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni rahisi kukariri: chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi kikae chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Hakuna umbo la chombo linaloweza kukuondolea sheria hiyo. Uji wa jana uliofungwa vizuri ni uji wa jana tu.

Mtungi unapobonyea

Kama umewahi kufunga mtungi ukiwa na kitu cha moto, unajua kinachofuata. Baada ya muda unaukuta umebonyea ubavuni kama mtu ameupiga teke, na kifuniko hakitaki kufunguka. Wengine husema plastiki ni mbaya. Wakati mwingine ni kweli, lakini hesabu yenyewe ni hii.

Kimiminika kikipoa, kinapungua. Chukua lita moja ya maji yenye nyuzi 85, iache ipoe hadi 25. Utabaki na takriban mililita 972. Zile 28 hazikumwagika popote, maji yamejikunja. Mvuke uliokuwa juu yake nao umegeuka kuwa matone. Ndani kunabaki pengo lenye hewa chache, na hewa ya nje inasukuma kuta ziingie ndani. Kwa mtungi wa lita 20, pengo hilo linapita nusu lita. Kuta lazima ziende mahali.

Nenda supamaketi uangalie chupa ya juisi ambayo haikai kwenye friji. Mara nyingi utaona ubavu wake una vibao bapa au mikunjo ya duara. Si urembo. Vibao hivyo vimewekwa ili chupa ikinywea, inywee pale ilipopangiwa, na shingo na pembe zibaki wima. Huo ndio ubunifu: kujua kitu kitabonyea wapi kabla hakijabonyea.

Plastiki nayo ina tabia zake. Geuza chombo utazame chini, kwenye ile pembetatu ya mishale yenye namba. Namba 1 ni PET, plastiki ya chupa nyingi za maji. Ile ya kawaida huanza kulegea ikifika karibu nyuzi 70, ndiyo maana ukiitilia chai inajikunja kama karatasi kwenye moto. Viwanda vinavyojaza moto hutumia PET iliyopitishwa kwenye joto maalumu ikakomazwa, na kwa macho huwezi kuitofautisha na ile nyingine kirahisi. Namba 2 ni HDPE, ya mitungi mingi. Haiyeyuki kwa uji, lakini ikipata moto inakuwa laini na haifai kubebeshwa mzigo. Namba 5 ni polipropilini, na hiyo ndiyo inayovumilia joto la kujaza vizuri kuliko hizo mbili.

Lakini namba inakuambia aina ya plastiki tu. Haikuambii chombo kilibeba nini jana. Mtungi uliokuwa wa dawa ya kuua wadudu, rangi au sabuni ya kiwandani hautakaswi na maji moto, kwa sababu plastiki hufyonza kemikali na joto huzitoa tena polepole. Tafuta alama ya glasi na uma, inayoonyesha kuwa chombo kimekusudiwa chakula. Usipoiona, na hujui historia ya mtungi, uache hapo hapo.

Chuma je? Chuma kisichoshika kutu ni kizuri lakini bei yake inauma. Mabati yaliyopakwa zinki hayafai kabisa kwa ukwaju au pasheni, kwa sababu asidi huitoa zinki na kuitia kwenye kinywaji. Hata alumini hupoteza uso wake ikikaa na asidi muda mrefu. Chupa za glasi ni salama kwa asidi, lakini ukiitilia chupa baridi kitu cha moto na tofauti ikapita nyuzi 40 hivi, inaweza kupasuka mkononi. Ipashe kwanza.

Na kama ndoto yako ni kuuza nje ya Nairobi, ongeza jambo moja. Shinikizo la hewa hapa liko chini ya lile la Mombasa kwa karibu asilimia 17. Chupa iliyofungiwa Umoja na tayari imenywea, ikiteremka hadi pwani inabanwa zaidi. Ile uliyoona imesimama vizuri kibandani inaweza kufika Kongowea imepinda kiuno, na hakuna aliyeigusa njiani.

Uzito upite wapi

Sasa tuingie kwenye kupanga moja juu ya nyingine. Chupa ya maji iliyojazwa baridi na kufungwa vizuri inaweza kusaidia kubeba mwenzake, kwa sababu maji yaliyo ndani yanasukuma kuta zisikunjike. Chupa iliyojazwa moto haina msaada huo. Ndani yake kuna pengo linalozivuta kuta ziingie. Ukiweka mzigo juu, unaipiga ikiwa tayari iko magotini.

Fanya hesabu ya mkokoteni. Mtungi wa lita 20 uliojaa una kilo 20 na zaidi. Ukipanga mitatu juu kwa juu, wa chini umebeba kilo 40, na hapo mkokoteni haujaruka shimo hata moja. Uzito huo unapitia wapi? Kwenye mitungi yetu mingi unapitia kwenye kifuniko, yaani ile sehemu ambayo tungependa iguswe mwisho kabisa. Tumechukua mlango tukaufanya nguzo.

Dawa ni kreti, ile iliyo wazi kama ya soda, lakini imetengenezwa kwa kipimo cha chombo cha moto. Miguu ya kreti ya juu isimame kwenye pembe za kreti ya chini. Kifuniko kikae chini ya ukingo, kisiguswe na chochote. Kati ya chombo na chombo kubaki nafasi ya vidole viwili. Nafasi hiyo ina kazi. Kwa mtu wa juisi, hewa inapita na rundo la katikati linapoa pamoja na la pembeni. Kwa mtu wa uji, hapo ndipo panaingia kitambaa kizito au sponji ya godoro, ikiwa imefunikwa na kitu kinachofutika.

Ukubwa nao una siri. Ukigawa lita 20 kwenye vyombo vinne vya lita 5 vyenye umbo lile lile, eneo la nje linalogusana na hewa linaongezeka kwa karibu asilimia 60. Kwa hivyo vidogo hupoa haraka, na kikubwa hushika joto. Mtu wa juisi achague vidogo. Mtu wa uji angependa kikubwa, lakini akumbuke kwamba kilo 20 za kitu kinachochoma, kwenye ngazi nyembamba za ploti ya Huruma au Pipeline, si mzigo wa mtu mmoja. Lita 10 zenye mishikio miwili ni busara zaidi, hata kama zinapoa mapema kidogo.

Umbo je? Vyombo vya duara vikipangwa kwenye safu zilizonyooka, zaidi ya moja ya tano ya nafasi ni hewa. Unalipia mkokoteni ubebe upepo. Vya mraba vinajaza nafasi, lakini pembe kali huosheka vibaya na kuta bapa hubonyea upesi. Ndiyo maana wabunifu wengi hukaa katikati: mraba wenye pembe zilizoviringwa.

Muulize mzazi wako kuhusu maziwa ya Nyayo. Mpango wa maziwa shuleni ulianza mwaka 1979, na watoto wa miaka hiyo wanakumbuka zile paketi za pembe tatu. Zilikuwa za kupendeza, na karatasi iliyotumika ilikuwa kidogo. Shida ni kwamba huwezi kusimamisha piramidi juu ya piramidi. Umbo hilo la kampuni ya Tetra Pak ya Sweden lilihitaji kreti zake za pembe sita ili zikae vizuri. Kampuni hiyo ilileta paketi ya umbo la tofali mwaka 1963, na leo ndiyo imejaa kwenye rafu zetu. Tofali lilishinda kwa sababu dukani na ndani ya lori, nafasi ni pesa.

Halafu kuna safari ya kurudi, ambayo wengi huisahau. Vyombo vitupu vikichukua nafasi sawa na vilivyojaa, unalipia safari mbili kwa mzigo mmoja. Kuna kreti za akili ambazo ukizielekeza upande mmoja zinapandana, na ukizigeuza upande wa pili zinazama moja ndani ya nyingine. Fundi yeyote anayeweza kukunja chuma anaweza kuiga wazo hilo.

Tumeshawahi

Kuna mtu tayari anasema moyoni: hizi ni story za kiwandani, sisi tunasaka unga. Tusikatae kwamba pesa ni shida. Kutengeneza moldi ya kupulizia chupa za plastiki ni gharama ambayo kijana wa mtaa hawezi kuigusa. Lakini ndiyo maana tunasema uanze na kreti, si chupa. Kreti ya kwanza haihitaji moldi. Inahitaji vyuma vya pembe, welda, na mtu mwenye futi.

Na mahali pa kuanzia pako karibu. Kamukunji ndiko zinakotoka sufuria, masanduku ya shule na mikebe ya kila namna. Kariobangi Light Industries kuna watu wanaotengeneza mashine kutokana na vyuma ambavyo wengine wamevitupa. Nguvu hiyo imeshabadilisha jikoni za nchi hii mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wabunifu akiwemo Maxwell Kinyanjui walikaa na mafundi wa jua kali, wakachukua wazo la jiko la Thailand wakalibadilisha: chuma nje, udongo uliochomwa ndani, kiuno katikati. Mafundi wa Shauri Moyo walilikunja, wakalirekebisha, wakaliuza. Hilo ndilo jiko la makaa ambalo pengine liko nyumbani kwenu saa hii. Na ukilitazama utaona wazo lile lile tunalolisema hapa: udongo umepewa kazi ya joto, chuma kimepewa kazi ya kubeba. Kila mmoja na kazi yake.

Mfano mwingine ni wa maziwa. Wakulima wengi walikuwa wakibeba maziwa kwa mitungi ya mafuta yenye shingo nyembamba ambayo mkono hauingii, kwa hivyo ndani haisafishiki. Miaka ya 2010 kukatokea chombo cha lita 10 kiitwacho Mazzican, kilichobuniwa na Global Good ya Marekani na kutengenezwa Nairobi na Ashut Engineers. Mdomo wake ni mpana, mkono unaingia wote. Kina faneli nyeusi, ili mkulima aone mabonge ya maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele kabla hayajachanganyika na mengine. Faneli nyeusi tu! Mtu alikaa na mkamuaji akauliza: wewe unahitaji kuona nini? Sasa ni nani amewahi kumuuliza mwanamke wa uji wa Burma swali hilo?

Baada ya kreti, kuna hatua ya pili kwa walio na chama. Lile tangi jeusi juu ya paa la ploti yenu limetengenezwa kwa njia ya kuzungusha moldi ndani ya tanuri mpaka unga wa plastiki uyeyuke na kushika kuta. Moldi ya namna hiyo inaweza kuundwa kwa bamba la chuma, kwa sababu haikabiliani na shinikizo kubwa, na bei yake iko chini sana ya moldi ya kupulizia. Si ndoto za mbali. Ni kazi ambayo kundi la vijana kumi wenye mpango linaweza kwenda kuulizia bei.

Tunachotaka

Kwako wewe unayeuza: usipandanishe chombo kikiwa bado cha moto juu ya kingine bila kreti. Usifunge mtungi wa uji hadi mwisho ukiwa unatokota. Tafuta kifuniko chenye tundu dogo la kupumua linalofungika. Usijaze mpaka pomoni. Na mtungi usiojua ulikotoka, usiuguse hata ukipewa bure.

Kwako wewe fundi au mwanafunzi wa uhandisi unayelalamika huna mradi: mradi ni huu. Chukua futi, zunguka steji tatu asubuhi moja, pima mitungi inayotumika, pima upana wa mikokoteni, pima milango ya ploti. Utagundua hakuna vinavyolingana. Atakayetoa kipimo kimoja ambacho chombo, kreti, mkokoteni na kiti cha nyuma cha boda vinakubaliana, huyo ametengeneza soko. Kreti ya soda ina nguvu kwa sababu zote ni sawa. Kreti hamsini nzuri zenye vipimo hamsini ni takataka za kupendeza.

Kwa taasisi: KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, iko hapa Nairobi. Shirika la viwango, KEBS, liko South C. Tunaomba kila moja ifungue dirisha ambapo kijana anaweza kuleta chombo kimoja, si elfu moja, kijazwe maji ya nyuzi 90, kibebeshwe mzigo, na apewe jibu kwa lugha anayoielewa na kwa ada anayoimudu. Leo kijana anajaribu chombo chake barabarani, na maabara yake ni mguu wa mpita njia.

Kwa Kaunti ya Nairobi: kuwafukuza wauzaji wa vitu vya moto hakujawahi kuwamaliza, kwa sababu jiji haliwezi kufanya kazi asubuhi bila wao. Wekeni kiwango badala ya mbio. Semeni: chombo cha chakula, chenye mdomo unaoingia mkono, ndani ya kreti inayobeba uzito, na nafasi ya kukioshea. Anayefikia kiwango, apewe kibali cha bei nafuu na mahali pa kusimama. Asiyefikia, apewe muda na aonyeshwe fundi. Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka tayari inawadai watengenezaji wa bidhaa wawajibike hata baada ya bidhaa kutumika, na chombo kinachorudi kujazwa mara mia ni chombo kimoja kisichoishia Dandora.

Na kwako wewe mnunuzi, ambaye ni sisi sote: kikombe cha uji cha asubuhi kimesafiri. Kabla hujalipa, angalia kilisafiri ndani ya nini. Uliza kwa heshima, "Mama, huu mtungi ulikuwa wa nini?" Akikujibu bila wasiwasi, mwongezee shilingi kumi na uwaambie wenzako. Bei hiyo ndogo ndiyo itakayolipia kreti ya kwanza. Kreti ya kwanza ikifika steji bila kumwaga tone, ya pili itaagizwa jioni hiyo hiyo, na fundi wa Kamukunji atakuwa na kazi ambayo haijawahi kuandikwa kwenye tangazo lolote.